Waya wa Vichwa Viwili

Mume wa Milembe alifia juu ya nguzo mchana kweupe, siku ya gulio, jenereta ya kiwanda ikiwa imezimwa.

Hilo la mwisho ndilo lililowashinda watu. Jenereta kubwa ya kiwanda cha kuchambua pamba ilipokuwa ikifanya kazi, mngurumo wake ulifika kanisani na ukafika mnadani, na hakuna aliyeweza kudai kwamba hakuusikia. Siku ile palikuwa kimya. Msimu wa pamba ulikuwa haujafunguliwa. Mumewe, Sylvester Luhaga, fundi umeme wa kiwanda, alikuwa ameizima mashine yeye mwenyewe majuma kadhaa nyuma, akafunga chumba cha swichi kwa kufuli. Aliposhushwa kutoka nguzoni, ufunguo wa kufuli hilo ulikuwa mfukoni mwake.

Alikuwa amepanda kubadilisha vikombe vya kauri vya kushikilia nyaya, vilivyopasuka, kwenye nguzo za njia ya kota. Njia hiyo ilianza kiwandani, ambako transfoma iliupandisha umeme mpaka volti elfu kumi na moja ili usipotee njiani. Ikakata mashamba ya mtama, ikafika kota za wafanyakazi na pampu ya maji, na huko transfoma nyingine iliushusha kuwa umeme wa kawaida wa taa na pasi. Hakuna umeme mwingine uliofika kwenye nyaya zile. Kama jenereta ya kiwanda imezimwa, nyaya ni chuma tu. Ndivyo alivyojua Sylvester, na ndivyo alivyojua kila mtu.

Zamani kabla ya kupanda nguzo angefunga kwanza mnyororo wa shaba kutoka kwenye nyaya mpaka ardhini, kwa usalama. Lakini mnyororo ule ulipotea siku stoo ya ushirika ilipofunguliwa na vitu kugawanywa, kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi. Sylvester aliomba mwingine. Akaambiwa avute subira mpaka msimu.

Milembe alikuwa nyumbani kota, akipepeta dengu uani. Alisikia mtu akipiga yowe upande wa mashamba, halafu watu wengi. Alipofika alimwona mumewe ananing'inia kwenye mkanda wake, kichwa kimelala kifuani, mkono mmoja umekunjika kama mtu aliyebeba kitu. Viatu vilikuwa chini. Hakuna aliyethubutu kugusa nguzo.

Aliyethubutu alikuwa Mayige, kaka yake Milembe, mtoto wa kwanza wa mama yao. Alikuja mbio kutoka kwenye grosari yake pale kota, ngazi begani, akapanda bila kuuliza mtu, akamfungua shemeji yake na kumshusha mgongoni. Nyaya hazikumfanya kitu. Watu walitazamana.

"Amekufa," Mayige alisema alipomlaza chini. "Milembe, usije hapa."

Milembe akaja. Akapiga magoti, akavuta shati la mumewe lililokuwa limepanda, akamfunika tumbo. Kisha akabaki amekaa hivyo mpaka trekta la kiwanda lilipoletwa.

Hakulia. Hakulia msibani, hakulia Sapiwi, kijijini kwao Sylvester, walikomzika, wala wakati wa kunyolewa nywele. Wanawake walimnong'oneza alie, kwa sababu maneno yalishaanza, naye alijaribu. Alifumba macho akamkumbuka Sylvester akicheka, akamkumbuka akiimba kwaya na sauti yake mbaya. Alivikumbuka vyote vizuri, ila vilikuwa kama vitu vilivyo nyuma ya kioo. Uji ulipoletwa alikunywa. Ulipoisha akashusha bakuli.

Meneja wa kiwanda alikuja na gari, akasimama na wazee wa ukoo chini ya turubai, akasema kwamba nyaya ndefu hubaki na umeme kidogo hata zikizimwa, na kwamba marehemu, kwa uzoefu wake, alipaswa kulijua hilo. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaka kuondoka kabla mvua haijaharibu barabara.

Wazee hawakuridhika. Baba mdogo wa Sylvester, mzee Malimi, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, na yeye alikuwa na hoja iliyoeleweka na kila mtu. Nyaya zilizozimwa ziliua mtu mmoja, kisha dakika hiyohiyo zikamwacha mwingine azishike kwa mikono yote miwili. Umeme gani unachagua? Mzee Malimi alikwenda kwa mganga upande wa Meatu, akarudi na jibu kwamba mkono uliofanya kazi ile ulikuwa wa karibu, mkono uliompakata marehemu. Halafu watu wakakumbuka kwamba Sylvester na Milembe hawakuwa na mtoto. Wakakumbuka kwamba mama yake Sylvester, Bibi Shija, alizika watoto wengine kabla ya huyu.

Kikao kilifanyika uani kwa Malimi. Bibi Shija alikaa chini kwenye ngozi ya ng'ombe, kanga nyeusi begani, akiwatazama wanaozungumza mmoja baada ya mwingine kama anayesikiliza habari za kijiji kingine. Mzee Malimi akamgeukia Milembe.

"Wewe ulikuwa mke wake. Ulimpikia na kulala naye. Uliona nini?"

"Sikuona kitu, baba."

"Unadhani ni nini kilichomuua?"

"Sijui."

"Mama mkwe wako unamtetea au humtetei?"

Milembe alimtazama mama mkwe wake. Mwanamke yule alikuwa amemfundisha kukausha michembe ya viazi, na alimwita binti tangu siku ya kwanza, naye Milembe akamwita mayu, yaani mama. Alipaswa kusema kitu. Alitafuta ndani yake, akakuta pametulia, hapana hata huruma.

"Sijui," akasema tena.

Juma lile paa la nyumba ya Bibi Shija lilichomwa. Yeye hakuwemo, mtu alikuwa amemwonya. Alikwenda kwa miguu mpaka Zagayu, kwa mpwa wake, akiwa na sufuria moja na jembe. Hakurudi.

Msimu ulipofunguliwa wanunuzi wapya walijaa Bariadi. Enzi za ushirika alikuwepo mnunuzi mmoja na mizani moja. Sasa palikuwa na malori ya kila rangi, na vijana wenye mizani migongoni waliowafuata wakulima mpaka mashambani. Mwenye kiwanda alileta watu wake kutoka Mwanza, na wanawake wa zamani wa kushona marobota wakaambiwa wapumzike. Milembe alikuwa mmoja wao. Kota zilizidi kuwa tupu. Nyumba nyingi zilifungwa madirisha kwa mabati, na panzi wakaingia.

Milembe alihamia kwa Mayige. Kaka yake alimpa chumba cha nyuma ya grosari, akamnunulia kitanda, akamkataza kuchota maji. Alimtunza kwa bidii iliyowashangaza hata majirani. Usiku hakulala vizuri. Milembe alimsikia akitembea uani. Alidhani ni uchungu wa msiba, na alimwonea wivu.

Alikaa hivyo zaidi ya mwaka. Paroko ndiye aliyemletea habari za chuo cha ufundi cha misheni kule Shinyanga. Kilikuwa kinatafuta wasichana, na kwa kuwa wasichana walikimbilia ushonaji, darasa la umeme lilikuwa na wavulana watupu.

"Wajane wanapokelewa?" Milembe aliuliza.

"Wanapokelewa. Ushonaji unakufaa, ulikuwa unashona marobota."

"Nataka umeme, Padri."

"Kwa sababu ya Sylvester?" Paroko akauliza.

"Sijui kwa nini," alisema, na ilikuwa kweli.

Darasani alikaa mbele, mwanamke mwenye miaka thelathini na kitu kati ya vijana wanaobalehe. Mwalimu wao alikuwa Joakim, mtu mrefu wa Kahama aliyefundisha akitembea, chaki nyuma ya sikio. Hakuwa na haraka. Alianza na betri ya tochi.

"Betri inasukuma upande mmoja tu. Umeme unatoka huku, unapita kwenye glopu, unarudi kule. Huo ni mkondo mnyoofu. Sasa umeme wa jenereta si hivyo. Ndani ya jenereta sumaku inazunguka mbele ya koili ya waya. Ncha moja ya sumaku ikipita, umeme unasukumwa kwenda. Ncha ya pili ikipita, unavutwa kurudi. Nenda, rudi. Nenda, rudi. Mara hamsini kwa sekunde. Huo ndio mkondo geu."

"Sasa kama unakwenda na kurudi, unafika saa ngapi?" kijana mmoja akauliza, na darasa likacheka.

"Haufiki," alisema Joakim. "Hauna safari. Ukisugua viganja, kiganja kinakwenda wapi? Hakuna, lakini vinapata moto. Pasi hivyohivyo. Inapata moto umeme ukienda, inapata moto ukirudi. Pasi haijali."

Milembe aliandika. Alielewa haraka, labda kwa kuwa kichwani mwake hapakuwa na kingine cha kumsumbua. Alijifunza kwamba waya wa kawaida unaupinga umeme kidogo na kupata joto. Alijifunza kwamba koili ina tabia nyingine: haipendi mabadiliko. Umeme ukitaka kuongezeka, koili inauzuia. Ukitaka kupungua, inauvuta uendelee, kwa hiyo mkondo hubaki nyuma ya msukumo wake. Joakim aliwafananishia na mkokoteni uliojaa pamba: ng'ombe wanavuta kwanza, gurudumu linaondoka baadaye, ng'ombe wanasimama, mkokoteni bado unasonga. Ndiyo maana mota, ambazo ni koili tupu, zinavuta mkondo mwingi kuliko kazi inayoonekana. Kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, ni kinyume chake, mkondo wake unatangulia, na ukiifunga pamoja na mota inasaidia kusawazisha. Milembe alipata maksi nzuri. Joakim alimsifu, naye akashukuru, akarudi bwenini akalala.

Siku ya transfoma ilikuwa siku ya kawaida, baada ya chai ya saa nne. Joakim aliweka mezani kitu kizito cha chuma chenye koili mbili.

"Hizi koili hazigusani," alisema. "Shikeni mwone. Umeme ukiingia hapa, unazaa usumaku kwenye chuma. Na kwa kuwa umeme unageuka, usumaku nao unageuka. Usumaku unaogeuka ukipita ndani ya koili ya pili, unazaa umeme mle. Mizunguko ya waya ikiwa michache, volti zinakuwa chache. Ikiwa mingi, zinakuwa nyingi. Betri haiwezi kufanya hivi. Usumaku wa betri umesimama tu, hauzai kitu."

Aliunganisha. Upande mmoja aliuingiza ukutani, volti mia mbili na thelathini. Upande wa pili kiglopu cha volti kumi na mbili, cha pikipiki, kikawaka.

Milembe akanyoosha mkono. "Mwalimu, ukiuingizia upande huu wa pili?"

"Upi?"

"Huo mdogo. Badala ya kutoa hapo, uingize hapo."

"Swali zuri." Joakim akaenda kabatini akaleta transfoma ya pili iliyofanana na ile. Alizifunga mgongo kwa mgongo, upande mdogo wa ya kwanza kwenye upande mdogo wa ya pili. Kwenye upande mkubwa wa ya pili akafunga glopu ya kawaida, ya nyumbani. "Tazameni. Hapa katikati ni volti kumi na mbili tu, mtoto anaweza kushika." Akawasha. Glopu ya nyumbani ikawaka.

"Transfoma haijui mbele wala nyuma," alisema Joakim. "Upande unaouingizia, huo ndio mwanzo. Ile ya kushusha, ukiilisha kwa nyuma, inapandisha."

Wavulana waliandika. Milembe aliitazama glopu. Aliziona kota, nyumba ambamo mchana ule hapakuwa na taa wala pasi ya kunywa umeme. Aliiona transfoma juu ya nguzo zake mbili karibu na pampu. Aliiona grosari, na nyuma ya grosari ile jenereta ndogo ya petroli ambayo Mayige alikuwa ameinunua mwaka wa kwanza wa soko huria, ya kupozea soda na bia siku za gulio.

"Mama Milembe, umeelewa?" Joakim aliuliza.

"Nimeelewa, mwalimu."

Alingoja kitu kimpande kifuani, hasira au machozi. Hakikuja. Kengele ikapigwa, wakaenda karakana.

Likizo ilipofika alirudi Bariadi kwa lori la pamba. Alifika siku ya gulio, mchana, jenereta ya kiwanda ikiwa kimya. Jenereta ndogo ilikuwa inaunguruma nyuma ya grosari. Alizunguka akaitazama kabla hata ya kuingia ndani kusalimia. Waya wake ulikuwa na vichwa viwili vya plagi, kimoja kila ncha, vyote vya kiume. Kichwa kimoja kilikuwa kwenye jenereta. Cha pili kilipita dirishani, kikachomekwa kwenye soketi ya ukutani, soketi ileile iliyokuja na nyumba. Kwa hiyo umeme wa jenereta uliingia kwenye nyaya za nyumba kwa kupitia soketi, ukawasha friji na taa zote. Swichi kubwa ya mlangoni ilikuwa juu, imewashwa. Haikuwahi kuguswa. Na kutoka swichi ile nyaya zilitoka nje, zikapanda nguzoni, zikaenda kwenye transfoma.

Alimkuta kaka yake anapanga chupa.

"Mwadila, kaka."

"Mwadila, mdogo wangu! Mbona hukutuma salamu nije stendi?" Mayige alitabasamu, akafuta mikono. "Kaa. Nikupe soda ya baridi."

"Kaka, siku aliyokufa Sylvester uliwasha hiyo mashine?"

Mayige hakukaa. Alishika chupa aliyokuwa nayo, akaipachika kwenye kreti, akaitoa tena.

"Ilikuwa gulio," akasema.

"Uliiwasha?"

"Nilikuwa na soda za mnada. Ndiyo."

"Ukachomeka kwenye soketi kama ilivyo sasa?"

"Nilifundishwa hivyo na aliyeniuzia. Milembe, kamashine kale? Kale kadogo hakawezi kuua kuku. Kanawasha friji kwa shida."

Milembe akamweleza. Alimweleza taratibu, kama alivyofundishwa, kwa kutumia chupa mbili na kamba. Umeme mdogo ulitoka humu, ukakuta nyumba hazina taa wala pasi iliyowashwa, ukapanda kwenye transfoma kwa mgongo. Transfoma haijui mbele wala nyuma. Juu ya nyaya ulikuwa elfu kumi na moja, kama wa kiwanda.

Mayige alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakaa juu ya kreti, akashika kichwa.

"Ilikoroma," alisema.

"Nini?"

"Ile mashine. Ilikuwa inaenda vizuri, halafu ikakoroma kama imebebeshwa mzigo, ikazima. Nikatoka nje niangalie petroli. Petroli ilikuwepo. Ndipo nikasikia yowe. Sikujua, Milembe. Lakini tangu siku ile nikilala naisikia ikikoroma. Nilijiambia mambo hayo mawili hayahusiani. Kila siku nimejiambia."

"Ndiyo maana hazikukushika ulipopanda. Mashine ilikuwa imeshazima."

"Unanichukia?"

Alifikiri. Alitaka kumjibu kweli. "Hapana. Sisikii kitu, kaka. Ningekuambia."

Mayige akalia basi, mtu mzima, mabega yakitikisika, wateja wakichungulia mlangoni. Milembe alikwenda nyuma akazima jenereta, akachomoa waya, akaukunja.

"Kesho twende Sapiwi," alisema aliporudi.

"Kufanya nini?"

"Ukawaambie."

"Wataniua."

"Inawezekana. Bibi Shija paa lake lilichomwa kwa ajili ya jambo hili. Mimi nikisema peke yangu watasema nimefundishwa uongo mjini. Ukisema wewe, mtu hajisingizii."

Mayige akauliza kama shati lake jeupe lilikuwa limefuliwa.

Walikwenda kwa baiskeli, Milembe amekaa nyuma, ameshika kifurushi chenye zile transfoma mbili ndogo alizokuwa ameazimwa na Joakim kabla ya likizo kwa barua ya ahadi ya kuzirudisha. Jenereta waliifunga kwenye baiskeli ya pili, wakamlipa mtu aiendeshe. Kwa mzee Malimi walikuta wanaume wanakunywa uji wa mtama kivulini mwa ghala. Milembe akapiga goti, akasalimia, akaomba ukoo uitwe.

Mayige alisimama mbele yao akasema yote. Katikati akapewa maji, akaendelea. Alisema kuhusu soda, kuhusu soketi, kuhusu kukoroma. Alisema, "Mkono uliomuua ni huu," akauonyesha, na hapo vijana wawili wa ukoo wakainuka.

"Kaeni," alisema mzee Malimi. Halafu akamgeukia Milembe. "Huyu ni ndugu yako wa tumbo moja. Unataka tuamini kwamba kitu kinachobebwa na baiskeli kilipanda mpaka kule juu?"

"Sitaki mniamini mimi, baba. Nitawaonyesha."

Akawasha jenereta pale uani. Mbuzi wakatawanyika. Alionyesha kwanza glopu ya pikipiki ikiwaka kwa umeme uliopita kwenye transfoma moja. Akamwomba mzee Malimi mwenyewe azishike nyaya zile za volti kumi na mbili. Mzee alisita, akazishika, akazikuta hazina kitu. Milembe akaunganisha ya pili, mgongo kwa mgongo, na glopu ya nyumbani ikawaka mbele yao mchana, hafifu juani lakini ikionekana.

"Hizi sasa usishike," alisema. "Ulizozishika wewe ndizo zinazozilisha hizi."

Mzee Malimi alichuchumaa mbele ya glopu ile muda mrefu. Alipitisha mkono kati ya transfoma mbili, kutafuta kama kuna kitu kilichofichwa. Akasimama kwa shida.

"Zima," akasema. Jenereta ikanyamaza. "Shija yuko wapi?"

"Zagayu, baba."

Hakuna aliyesema samahani siku ile. Waliongea juu ya ng'ombe wa fidia ambao Mayige angewaleta, na Mayige alikubali kila walichosema. Vijana wawili hawakumgusa, lakini hawakumpa mkono pia. Kuhusu paa, mzee Malimi alisema lingeezekwa upya kabla ya mvua, na liliezekwa.

Milembe alikwenda Zagayu peke yake. Bibi Shija alikuwa shambani kwa mpwa wake, anachuma pamba, mfuko umefungwa kiunoni. Alikuwa amekonda. Alimsikiliza Milembe bila kuacha kuchuma.

"Kwa hiyo mwanangu hakukosea kitu," alisema mwishowe. "Alizima."

"Alizima, mayu. Alizima na kufunga na ufunguo alikuwa nao."

"Na wale wameniezekea."

"Wameezeka. Wanasema urudi."

"Siwezi kulala chini ya paa lile." Alitia pamba mfukoni. "Siku ile ya kikao nilikutazama."

"Nilikuona."

"Nilidhani utasema neno."

"Sikuwa nalo, mayu. Hata leo sijui kama ninalo. Nimekuja tu."

Bibi Shija alichuma mpaka mwisho wa mstari, Milembe akichuma mstari wa pili. Jioni akafunga sufuria na jembe, wakaondoka pamoja.

Milembe alipomaliza chuo walipanga vyumba viwili Bariadi, karibu na stendi, yeye na mama mkwe wake. Kazi ilikuwepo. Maduka yalifunguliwa kila mwezi, na kila duka lililofunguliwa lilikuja na jenereta yake. Milembe hakuondoka kwa mteja kabla hajafunga chenjiova, swichi ya kuchagua umeme mmoja kati ya miwili, isiyokubali kuwasha yote miwili kwa pamoja. Waliokataa aliwaachia kazi yao. Hakuwahubiria, aliwaambia tu kwamba hafungi bila hiyo, akakusanya koleo zake. Wengine walimtafuta fundi mwingine, na wengine walimwita tena.

Mayige alifunga grosari, akahamia Maswa kulima mpunga. Alikuja mara moja baada ya mavuno na gunia la mchele, akalishusha mlangoni, akasalimia, akaondoka kabla ya chakula. Bibi Shija aliupika. Hakusema kama ulikuwa mchele mzuri au mbaya.

Siku zilikwenda hivyo, moja ikifanana na nyingine. Milembe alifanya kazi, alikula, alisali Jumapili. Watu walimwona ni mtu mpole. Yeye mwenyewe aliishi kama mtu anayesubiri ganzi ya jino iishe, na amesubiri mpaka amesahau kwamba anasubiri.

Jioni moja alirudi amechoka kutoka kuweka nyaya kwenye nyumba ya wageni, akakuta Bibi Shija amemwaga mlenda ambao yeye Milembe aliupika asubuhi.

"Mbona umeumwaga?"

"Ulikuwa umechacha."

"Haukuchacha! Niliuonja saa sita nilipopita."

"Mimi ndiye ninayejua mlenda uliochacha. Wewe huna ulimi, unakula chochote."

"Ni mimi niliyeununua! Ni mimi niliyesimama jikoni!" Milembe alisikia sauti yake inapanda mpaka kwa majirani. Masikio yalikuwa yanawaka. "Kila siku unamwaga! Kila siku, mayu, chakula changu unamwagia kuku!"

Bibi Shija alimkazia macho, mwiko mkononi. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu kabla ya msiba.

"Basi pika mwingine," alisema, "na safari hii tia chumvi."

Milembe akatoka nje kwa hasira, akaupiga mlango nyuma yake, akaenda kwa muuza mboga kabla hajafunga. Njia nzima alikuwa akisema peke yake.